Isaro wa kabati namba 614

Ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Katika korido ya ghorofa ya pili ya sekondari moja kusini mwa Louisville, Kentucky, Bamurange Nyiramahirwe anasukuma toroli lake la usafi. Kengele imeshalia, milango imefungwa, na kinachosikika ni gurudumu moja bovu linalolalamika sakafuni. Kisha simu inatetemeka mfukoni mwake.

Anajua ni nani. Anaiweka sikioni.

"Habari za asubuhi," inasema sauti ya kike ya mashine, kwa Kiswahili cha taratibu. "Hii ni taarifa kutoka shuleni. Mwanafunzi wako, Isaro, hakuhudhuria kipindi cha kwanza leo."

Bamurange anainua macho. Mbele yake kuna mlango wenye kioo chembamba. Ndani, dawati la tatu kutoka dirishani, amekaa binti yake Isaro, anauma kifuniko cha kalamu kama anavyouma tangu utoto. Amevaa sweta ya bluu ambayo mama yake ameipiga pasi asubuhi hiyo hiyo.

Simu inakatika yenyewe. Bamurange anachukua kitambaa, anakwenda mpaka kabati namba 614, moja kati ya makabati ya chuma yaliyopangwa ukutani, na analifuta kuanzia juu hadi chini. Kabati hilo halijawahi kufunguliwa na mtu.

"Mara ya kwanza nilisema, bon, mashine imechanganyikiwa," anasimulia baadaye kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa hapa na pale, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha vifaa. "Lakini ilisema jina muzuri. Hapa bote banasemaka 'Aizaro', 'Izero', kila mutu na yake. Ile sauti ilisema Isaro sawa vile mi njo nasemaka. Nywele zilinisimama."

Ana sababu ya kuogopa. Mama huyu mwenye umri wa miaka arobaini na minne amezaa akina Isaro wawili.

Wa kwanza alizaliwa mwaka 2006 katika kambi ya wakimbizi nchini Burundi, ambako Bamurange alifika akikimbia vita katika nyanda za juu za Kivu Kusini. Mtoto huyo hakufikisha miaka miwili. Ugonjwa wa kuhara uliingia kambini ukampata yeye na mama yake kwa pamoja. Bamurange alipozinduka katika zahanati, siku ya nne, aliambiwa mtoto ameshazikwa.

Hakuliona kaburi. Wiki iliyofuata wagonjwa walihamishiwa kambi nyingine kwa malori, na hakurudi tena kule.

Mwaka 2008 alijifungua msichana mwingine. Kwa lugha ya nyumbani Isaro ni ushanga, ule mmoja mzuri unaovaliwa peke yake. "Jina lilikuwa limebaki bila mwenyewe," anasema. "Nikamupa huyu. Watu walinishangaa, lakini nilisema, mi sina jina lingine."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kujisokota, ingawa ilichukua miaka kumi na saba kujulikana.

Kwenye kadi ya chakula ya kambini, Isaro wa kwanza hakuondolewa. Wa pili aliandikwa chini yake. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, wote waliandikiwa tarehe ile ile wanayopewa wakimbizi wasio na karatasi: Januari mosi. Ni tarehe ya Bamurange pia, na ya mumewe Theogene, ambaye hupakia mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege. Nyumba yao ya vyumba viwili huko Highview, mtaa mmoja wa Louisville, huzeeka yote kwa siku moja, na keki hununuliwa moja tu.

Wakati wa usaili wa kuja Marekani, kaka mkubwa wa Bamurange, Ezéchias, alimweleza afisa kwamba mmoja kati ya wale wawili ni marehemu. Afisa alivuta kalamu, akakata mstari juu ya jina la kwanza kwenye karatasi ya familia, akaendelea. Kisha karatasi ikatolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala. Ilipofika Columbus, Ohio, familia ilikopokelewa mwaka 2019, mstari wa kalamu ulikuwa umefifia mpaka ukatoweka.

Karani wa shule ya Columbus aliona jina Isaro mara mbili. Akadhani limeandikwa kwa kurudiwa, akachukua la juu. Kwa miaka mitatu binti huyo alisoma kwa tarehe ya dada yake aliyekufa. Alisoma vizuri mno: akiwa darasa la nane alipewa aljebra ya kiwango cha juu, akapata A.

Mwaka 2022 familia ilihamia Louisville. Huku Isaro aliandikishwa kwa kadi yake ya ukaazi, yenye tarehe yake mwenyewe. Ile A ikabaki nyuma. Alianzishwa hesabu za chini, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua kuna la kulalamikia.

Ndipo mwaka huu wa masomo, wazazi walipoitwa mkutanoni wakaelezwa kwamba kanuni za jimbo zimefanyiwa marekebisho. Mwanafunzi aliyefaulu somo la kiwango cha juu kabla ya kuingia sekondari, hata kama alilisoma jimbo jingine, sasa anaweza kuhesabiwa krediti, yaani kile kipimo cha somo kinachojumlishwa mpaka mtu apewe cheti.

"Mi nilisikia 'krediti' nikashituka," Bamurange anacheka kwa mara ya kwanza. "Kwetu krediti ni deni. Nikasema, mutoto alikopa nini tena?"

Aliyemtoa wasiwasi ni Goreth, mkalimani wa shule, Mrundi mwenye Kiswahili kilichonyooka. Alimweleza kwamba krediti hiyo moja ya hesabu ndiyo iliyompungukia Isaro, aliye darasa la kumi na mbili. Akiipata, atahitimu Mei na kuingia chuo cha uuguzi ambacho kimeshamkubali kwa sharti hilo. Akiikosa, atarudia nusu mwaka na nafasi itapewa mwingine. Mwisho wa kuwasilisha kumbukumbu ni Ijumaa ya wiki hii.

Ofisi iliomba kumbukumbu kutoka Columbus. Zikaja. Lakini tarehe hazikulingana, na kompyuta haikuziunganisha. Ilifungua mwanafunzi mpya.

Isaro, aliyezaliwa Januari mosi 2006, akaandikishwa shuleni Louisville. Alipangwa darasa moja na mdogo wake, akapewa kadi ya maktaba, nafasi kwenye basi la njano, na kabati namba 614. Krediti ya aljebra ikawekwa kwenye jina lake. Mahali pa picha pana kivuli cha kijivu chenye kichwa na mabega. Na kila asubuhi asipotokea, mashine humpigia mama yake.

Hadi leo Jumanne, simu hizo zingepaswa kuwa arobaini na mbili. Ni arobaini na moja.

"Siku ya kumi na tisa haikulia," anasema Bamurange, na sauti yake inashuka. "Nilingoja. Saa nne, saa tano, kimya. Nikaenda kwa Goreth, nikamwambia angalia."

Goreth aliangalia. Siku hiyo mwalimu wa darasa alikuwa mgonjwa, na mwalimu wa kushika zamu ndiye aliyesoma orodha ya majina. Mbele ya jina la Isaro wa 2006 palikuwa na alama moja tu. Alikuwepo.

"Mimi nilikuwa nikimwambia kila siku, 'Mama Isaro, usiogope, ni kompyuta tu,'" anasema Goreth. Anageuza pete kidoleni, kisha anaongeza: "Tangu siku ile sijamwambia tena hivyo."

Waliomba kuonana na yule mwalimu. Alikumbuka kwamba jina lilijirudia kwenye orodha, akaliita mara mbili kwa kufuata karatasi. Mara zote mbili alisikia mtu ameitika. Hakuinua macho kutazama ni nani.

Isaro mwenyewe, msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa kwa ustadi, huwajibu wazazi wake kwa Kiingereza. Lakini kwa swali hili alijibu kwa Kiswahili. "Mom, mi niliitika mara moja," anasema. "Ya pili nilifikiri ni mutu anacheza."

Mwandishi wa makala haya hana maelezo, na hatajifanya anayo. Huenda darasani kulikuwa na mtundu. Huenda mwalimu alichoka.

Kurekebisha kumbukumbu ni jambo la dakika tano. Mzazi anasaini fomu ya kumwondoa shuleni mwanafunzi asiyekuwepo, anaambatanisha uthibitisho, na krediti inahamishiwa kwa aliye hai. Fomu hiyo Bamurange anatembea nayo mfukoni, chini ya funguo, kwa siku ya tisa sasa. Imeanza kuchakaa kwenye mikunjo.

Mumewe amemsihi. Binti yake amelia, akafunga mlango wa chumba. Goreth amempigia kila jioni. Anajua vyema kwamba akichelewa atamharibia mtoto wake maisha, na kujua huko kunamnyima hata hamu ya kula.

"Mi sikusaini karatasi ya kifo chake kule, sikuona kaburi, sikumwaga hata udongo," anasema. "Na sasa kila siku mutu ananipigia, ananiambia Isaro haikufika leo. Haisemi amekufa. Inasema leo haikufika. Donc kesho anaweza kufika."

Anajifuta macho kwa kiganja chenye harufu ya dawa ya sakafu. Analipwa dola kumi na saba na nusu kwa saa, na mwezi uliopita alikataa kuhamishwa jengo jingine lenye mshahara mzuri zaidi. Kisa ni kabati 614.

Uthibitisho pekee upo Buffalo, New York. Huko Ezéchias, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anafanya kazi katika duka la vyakula la Grant Street, kati ya magunia ya unga wa muhogo na samaki wakavu. Ndiye aliyekuja na sanduku la karatasi za ukoo, na ndani yake imo karatasi ya asili yenye mstari wa kalamu.

Jumatano, muda wa chakula cha mchana, Bamurange anampigia kwa video. Ezéchias anaonekana amesimama nyuma ya kaunta, amevaa kofia ya sufu. Anainyanyua karatasi mbele ya kamera. Mstari wa wino wa bluu umepita katikati ya jina, umenyooka, na mwishoni umechana karatasi kidogo.

"Yaya," anasema Bamurange, kama anavyoitwa ndugu mkubwa kwao. "Nataka unijibu mbele ya Mungu. Ulimuona kweli? Ni yeye?"

Upande wa pili mteja anauliza bei ya kitu. Ezéchias anamwinulia mkono angoje.

"Mi njo nilimubeba," anasema. "Kwa hii mikono. Nilimufunga kwa kile kitenge chako cha majani, ile ulikuwa umeegemeza kichwa. Nilimuwekea ushanga wake shingoni. Dada, mutoto yuko pale. Hatembeitembei."

"Mbona hukuniambia ya kitenge?"

"Hukuuliza. Miaka kumi na nane nimengoja uniulize."

Bamurange anafunika uso kwa aproni. Kilio chake kinasikika hadi korido, na mwanafunzi mmoja anayepita anasimama, kisha anaondoka kwa kunyata. Ezéchias hakati simu. Anabaki pale kwenye kioo mpaka dada yake anapoinua uso.

Saa nane mchana anaketi mbele ya Goreth. Fomu inauliza sababu ya mwanafunzi kuondoka shuleni, na inatoa visanduku vinne: amehama, ameacha masomo, amehitimu, amefariki.

Goreth anamsomea moja baada ya jingine.

"Hiyo ya tatu," Bamurange anauliza. "Amehitimu. Siwezi kuweka pale?"

"Haiwezekani, Mama Isaro."

"Ile A iko kwa jina lake."

"Najua."

Bamurange anashika kalamu. Kisha anapiga alama kwenye kisanduku cha nne, polepole, na kusaini jina lake lote bila kufupisha. Ezéchias alikuwa ameshatuma picha ya karatasi. Siku iliyofuata krediti ya aljebra imehamia kwa Isaro wa 2008, na chuo cha uuguzi kimeandika kuthibitisha nafasi yake.

Wiki tatu zimepita. Saa tatu na dakika ishirini, Bamurange bado husimamisha toroli palepale, mkono juu ya mfuko. Simu haijalia tena. Kabati 614 limepewa mwanafunzi mgeni aliyebandika mlangoni picha za magari, na Bamurange hulifuta bila kuzing'oa.

Mipango anayo. Isaro akianza uuguzi, yeye atajiandikisha masomo ya Kiingereza ya jioni, ambayo amekuwa akiyaahirisha tangu Columbus. Baada ya hapo anataka kwenda Buffalo kuiona ile karatasi na kuigusa, na kumshukuru kaka yake ana kwa ana.

Lakini kwanza ni Mei, siku ya kukabidhiwa vyeti. Ameshanunua kitenge kipya, cha majani. Amemwomba Goreth amhakikishie kwamba jina litatamkwa sawasawa, na Goreth amejitolea kulisoma yeye mwenyewe. Litaitwa mara moja tu.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema Bamurange, akikamua kitambaa chake. "Goreth ataita Isaro. Na mi nitasikiliza ni wangapi bataitika."