Wivu Baada ya Tetemeko

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Achieng. Tangu juzi umelala chumba chako cha zamani hapa Munyaka, na begi hujalifungua, kwa hiyo acha nikusimulie kabla hujaamua kama unarudi kwa mume wako kule Huruma au unabaki.

Ulikuwa bado unatambaa. Baba yako alikuwa mpima ardhi, na tetemeko kubwa lilikuwa limepiga mji mmoja ng'ambo ya mpaka. Yeye na wenzake wakatumwa kupima ardhi ilivyosogea. Huko akapata mwanamke. Nilijua kwa sababu mwanamke huyo alipiga simu nikaipokea mimi. Alikuwa na sauti nzuri, na mpaka leo sauti hiyo siipendi.

Baba yako hakukana. Mama mkwe akaja kutoka Siaya, mzee wa kanisa akaitwa, Jumapili tukaombewa, soda zikanywewa. Nikasema nimesamehe, na nilikuwa nimesamehe kweli. Wote wakasema yameisha.

Basi si akatumwa tena mji uleule? Na tena, na tena. Walikuwa wamejenga nguzo za zege huko, juu yake wanaweka mtambo unaoongea na setilaiti, halafu wanarudi kila mara kuona nguzo zimehama kiasi gani. Mwanangu, nilikuwa na wivu mbaya. Nilinusa mashati yake. Nikichana nywele, nilijiuliza za yule zikoje. Nikimuuliza kitu ananijibu, "Si hiyo maneno tulimaliza mbele ya mzee?" Nami naona aibu, nikidhani ubaya uko kwangu.

Siku hiyo ninayoikumbuka, mama mkwe alikuwa ametutembelea, akamkuta baba yako anapanga nguo za safari.

"Hiyo tetemeko si iliisha?" akauliza. "Mbona bado wanakutuma?"

Baba yako alipenda sana kuulizwa mambo ya kazi. Akaketi, akaeleza kwamba kutetemeka ndiko huisha, kusogea hakuishi. Ardhi inaendelea kuteleza polepole kwenye ule ufa ulioleta tetemeko, na chini kabisa miamba ya moto bado inajipanga. Miezi ya kwanza inakwenda haraka, halafu inapungua, lakini inaweza kuchukua miaka. Jicho halioni, mpaka upime. Wenye haraka, alisema, walijenga palepale juu ya ufa, na kuta zikapasuka bila tetemeko lingine.

Nilikuwa namimina chai. Nikaweka birika chini.

"Baba Achieng," nikasema, "ardhi umeipa miaka. Mimi ulinipa Jumapili moja."

Nilidhani mama mkwe atanifokea, lakini alimgeukia mwanawe.

"Umesikia? Mjibu."

Siku hiyo alifunga begi akaondoka. Lakini aliporudi kutoka safari, hakwenda kuoga wala kula. Aliketi akasema, "Uliza." Nikauliza, na mengine ni ya aibu, sitakutajia. Akajibu yote. Safari iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Maswali yakaanza kupungua, na hakuna aliyenikataza. Hayajaisha, usidanganywe. Hata sasa akichelewa mjini natazama saa.

Sasa mume wako amekosa, ameomba msamaha, umempa, na anakwambia wivu wako ndio unaoharibu nyumba. Shangazi zako nao wanakwambia utabasamu. Mimi nakwambia usiufiche wivu ili watu wakusifu moyo wako mkubwa. Muulize, lakini uliza upate kujua, usiulize ili umchape. Msikimbilie kununua ploti wala kuzaa mwingine ili kuonyesha mmepona. Angalia kama mwezi huu ni mwepesi kidogo kuliko uliopita. Ukiwa mwepesi, kaa, hata kama bado unauma. Lakini akichoka kuulizwa kabla wewe hujachoka kuumia, hilo nalo ni jibu, na ulichukue hivyo.

Mungu akupe mume anayeketi unapouliza. Na kama huyu si yeye, akupe nguvu za kutoka kwake bila kuinamisha kichwa, kwa maana ulikuwa mtoto wetu kabla hujawa mke wa mtu.