Dakika Arobaini na Tano hadi Kisumu

Rispa Akoth wa mtaa wa Umoja, mama anayefuma masweta ya shule kwa mashine, hakuwa na hofu ya ndege. Hofu yake ilikuwa Winny, mdogo wake anayeishi Kisumu.

Miaka minne iliyopita walimzika mama yao. Rispa, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alishika kipaza sauti akawashukuru watu kwa majina: kwaya, wapishi, wenye hema, hata dereva wa lori la maji. Akamsahau Winny. Winny huyo huyo aliyemuuguza mama miaka mitatu, akimshika mkono kwenda kuoga na kurudi! Tangu siku hiyo simu alizompigia Winny zililia mpaka zikakatika zenyewe. Na hakuna aliyemlaumu Rispa kuliko Rispa mwenyewe.

Sasa alikuwa amefunga safari ya kwenda kuomba msamaha. Mpango wake ulikuwa mzuri: basi la asubuhi, kilomita mia tatu na hamsini, masaa manane ya kupanga maneno. Kufika Nakuru angekuwa na mwanzo, Kericho angelia kidogo dirishani, na Ahero angekuwa na hotuba kamili. Binti yake Awuor akaharibu kila kitu kwa mapenzi.

"Mathe, wachana na basi, utaumwa mgongo bure. Nimekukatia ndege. Na nishashow Auntie unakam."

"Akasemaje?"

"Alisema sawa."

Sawa gani, Rispa alijiuliza. Sawa ya karibu, au sawa ya utajua hujui?

Jumamosi asubuhi akafunga mkanda kitini. Rubani akatangaza kwamba wangekuwa angani dakika arobaini na tano.

"Arobaini na tano?" Rispa alimgeukia jirani yake, kijana mmoja aliyesema anaitwa Mutisya. "Na haisimami Nakuru hata kidogo?"

"Hii ni moja kwa moja, mama. Una haraka?"

"Ningekuwa na haraka ningefurahi."

Akafumba macho, akaanza. Dada yangu mpendwa... hapana, hayo ni maneno ya kadi. Winny, unajua binadamu husahau... hapana, huko ni kujitetea. Akaletewa maji, akayanywa kwa kujivuta. Alipopata sentensi moja aliyoipenda, masikio yakaziba. Akachungulia, akaona ziwa. Alikasirika kweli. Mtu atatubu vipi kwa kasi hiyo?

Winny alikuwa amesimama mlangoni pa kutokea abiria, mikono kifuani, uso wake hausomeki. Rispa aliweka mfuko chini. Ile sentensi nzuri ilikuwa imempotea kabisa.

Basi akafanya alichopaswa kufanya siku ile ya mazishi. Akapaza sauti mbele ya madereva wa teksi na watu na masanduku yao.

"Namshukuru dada yangu, Winny Atieno, aliyemuuguza mama yetu miaka mitatu. Alimlisha, alimwosha, alikesha naye. Niliwashukuru hata wenye hema, yeye nikamsahau. Nimekosa."

Watu wakageuka. Dereva mmoja akapiga makofi mawili, akaona aibu, akaacha. Winny aliitazama sakafu, hajui acheke au alie.

"Rudia," alisema. "Hapo pa miaka mitatu. Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Rispa akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.