Sauti ya Mukami Ndani ya Mashine

Ngumi ya kwanza aliyoirusha Wamae kwa ajili ya Mukami haikumpata Mukami. Ilimpata mwanajeshi wa kigeni katika baa moja ya Nanyuki, mwaka 1993, ambako Mukami aliimba na bendi kila Jumamosi. Mwanajeshi alirusha chupa jukwaani. Ikapita kando ya sikio la Mukami na kupasuka kwenye ngoma. Wamae alikuwa mchonga mawe, amekuja mjini na lori la kwari ya mawe. Alipanda juu ya meza, akashukia upande wa pili ngumi ikiwa mbele. Watu wakashikana, viti vikavunjwa migongoni, damu ikachanganyika na bia sakafuni, na Mukami akaendelea kuimba. Mwenye baa alikuwa amemwonya mapema: wimbo ukikatika, kila mtu atajua kwamba ni vita.

"Huyo amekuposa na ngumi," mpiga gitaa alimwambia walipokuwa wakifagia vioo.

Mukami alicheka. Alikuwa binti wa Kingori, mkulima wa kahawa wa Gakindu, na katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumpigania. Akadhani amependwa.

Walioana, wakahamia Mweiga, karibu na kwari, mahali ambapo asubuhi huanza kwa nyundo. Ngumi ikahama nao. Wamae aliyekuwa amempenda jukwaani sasa hakuweza kuvumilia jukwaa. Mukami akirudi kutoka Nanyuki, Wamae alimuuliza alikuwa akimwangalia nani alipofika kwenye kiitikio, na jibu lolote lilikuwa baya. Alimpiga kwa mkono wazi, kisha kwa mkanda, kisha kwa mguu. Usiku aliompasua ngoma ya sikio, Mukami aliondoka na nguo alizovaa na kurudi kwa baba yake.

Kwa desturi, mume anayemfuata mke aliyekimbia huja na wazee, hulipa mbuzi, na masharti huwekwa mbele ya pande zote mbili. Wamae alikuja. Mbuzi alichinjwa, nyama ikaliwa, na mzee Mutahi, aliyekuwa akisimamia mambo kama hayo pale Gakindu, akatangaza maneno yaliyokubaliwa. Mukami hataimba tena mbele ya watu. Wamae hatainua mkono wake tena. Atakayetangulia kuvunja sharti, neno la mwenzake ndilo litakalosimama: akivunja mke, atarudi kwa mume bila kudai chochote, akivunja mume, mke atabaki kwao na hatafuatwa. Mukami alikubali. Alirudi Mweiga akiwa na sikio linalovuma kama mzinga.

Wamae alitimiza sharti lake kwa miaka kadhaa, ingawa mikono yake ilitafuta kazi nyingine: alivunja viti, alivunja mbwa mguu. Mukami naye hakuimba, hata akiosha vyombo. Alipata kazi Nyeri mjini, katika duka la kaseti la Hezekiah, mwanamume mpole aliyekuwa na chumba kidogo cha kurekodia nyuma ya kaunta. Kuuza nyimbo si kuimba, Wamae alisema mwenyewe.

Mwaka 1998 Hezekiah alirudi kutoka Nanyuki na kompyuta aliyoinunua kwa mwanajeshi aliyekuwa akienda kwao. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuimba. Mtu hukaa mbele ya maikrofoni na kutamka silabi moja moja, ba, be, bi, mpaka sauti zote za lugha yake ziishe. Kisha unaandika maneno ya wimbo, unapiga noti kwenye kinanda, na kompyuta inaziokota silabi zako, inazivuta juu au chini, inaziunga, na kuimba kwa sauti yako wimbo ambao wewe hujauimba. Hezekiah alihitaji sauti. Alimwangalia Mukami, kisha akaangalia pembeni, kwa maana alijua habari za sharti.

Mukami hakuficha. Alimwambia Wamae kwamba kazini anasomea kompyuta silabi. Wamae alicheka mpaka akakohoa vumbi la mawe. Ati mtu mzima anasoma ba, be, bi kama mtoto wa nasari. Soma tu, alimwambia.

Basi alisoma. Kisha Hezekiah, ambaye vidole vyake havikuwa na subira, alimwachia mashine yote, na Mukami akajifunza tabia zake kama mtu anavyojifunza tabia za ng'ombe mgeni. Haikupumua. Ilivuka beti nzima bila kuvuta hewa, na kuisikiliza kulimbana kifua, hadi alipojirekodi akihema na kuzipandikiza pumzi zile mwisho wa mistari. Kati ya silabi na silabi kulikuwa na mgongano mdogo, kama changarawe ndani ya unga. Aliufunika kwa gitaa. Noti ya mwisho ilikatika ghafla kama stima, umeme unapopotea, kwa hiyo aliipunguza polepole kwa mkono. Maneno ya uchungu na maneno ya uji iliyaimba kwa namna moja. Lakini kulikuwa na jambo moja katika sauti ile ambalo lilimfanya aondoe vidole kwenye vitufe. Alipokuwa akiimba Nanyuki, sehemu ya sauti yake ililinda mlango daima, ikingoja chupa. Sauti ya ndani ya mashine haikulinda chochote. Ilikuwa sauti yake kama asingewahi kupigwa.

Alitunga wimbo kuhusu baridi iliyounguza viazi vya Mweiga, shamba lote likawa jeusi asubuhi moja. Mashine ikauimba. Hezekiah akautoa katika kaseti yenye picha ya mlima tu, bila jina la mwimbaji, na ukapendwa kutoka Karatina hadi Nanyuki.

Lori lililokuja kupakia mawe ndilo lililoufikisha kwari. Dereva aliacha redio wazi. Wachonga mawe walisimamisha nyundo kusikiliza, na mmoja aliyewahi kukaa Nanyuki akaitambua sauti.

"Wamae, si huyo ni bibi yako?"

"Bibi yangu haimbi."

"Hakuimbii wewe. Dereva anaimbiwa mpaka Isiolo."

Walicheka. Mwingine alimuuliza kama naye atanunua kaseti ili amsikie mkewe nyumbani. Wamae alichukua nyundo yake ya kuchongea na kuondoka bila kuvaa shati.

Mukami alikuwa akimenya viazi. Alipomwona mlangoni alijua atapigwa, ingawa hakujua ni kwa nini, na akakiweka kisu mbali, ili asije akasingiziwa. Wamae aliuliza mara moja tu kama ameimba. Mukami alisema ni mashine. Akampiga. Mukami alisema tena, ni mashine, ulinipa ruhusa, ni zile silabi, na kila alipolitaja neno mashine alipigwa kwenye kinywa kilicholitaja. Kwanza ilikuwa ngumi. Halafu alimgandamiza ukutani kwa mkono wa kushoto, akaigeuza nyundo na kumpiga kwa mpini, chini ya sikio, na taya likavunjika kwa sauti ambayo Mukami aliisikia kutoka ndani. Meno mawili yalianguka kwenye maganda ya viazi. Hata alipokuwa chini, Wamae alimshika nywele, akamwambia aimbe sasa, amwimbie yeye.

Aliyemwokoa ni jirani, Selpha, mwanamke wa Bungoma aliyeolewa na mwalimu. Aliingia na sufuria ya uji unaochemka kutoka jikoni kwake, akammwagia Wamae mgongoni, na alipogeuka akampiga na sufuria yenyewe usoni. Wamae alikimbia akipiga kelele, ngozi ikimning'inia.

Hospitalini walimfunga Mukami meno ya juu na ya chini kwa waya, ili taya liunge. Alirudi Gakindu akinywa uji kwa mrija. Kingori alikaa na binti yake uani akichambua kahawa, asijue pa kumwangalia. Alitaka kwenda kituo cha polisi. Lakini kabla hajaenda, Wamae alituma wazee wake. Walikuja kumdaia haki yake. Mke amevunja sharti, ameimba, nchi nzima imesikia. Kwa hiyo arudi Mweiga. Majeraha yake mgongoni aliyataja kama hasara.

Mutahi aliwaita wote katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya Gakindu, kwa sababu kulikuwa na stima, na Hezekiah akaleta kompyuta kwenye pikapu, imefungwa kwa blanketi. Swali lilikuwa moja, na Mutahi alilisema waziwazi: kama Mukami aliimba, anarudi na Wamae leo, kama hakuimba, Wamae ndiye aliyevunja sharti.

Wazee waliizunguka mashine.

"Hii kitu iko na mtu ndani?" mmoja aliuliza.

"Hapana, mzee," Hezekiah alisema.

"Inakula nini?"

"Stima tu."

"Basi ni afadhali kuliko mke," mzee akasema, na wachache wakacheka, kisha wakaona uso wa Mukami, uliovimba kama malenge upande mmoja, wakaacha.

Mukami aliifanya iimbe wimbo wa viazi. Wamae, amesimama kwa sababu hakuweza kuegemea, alisema hiyo ni kaseti iliyofichwa ndani ya sanduku, mtoto hawezi kudanganywa hivyo. Wazee wa upande wake wakaafiki. Mutahi akafikiri. Akasema mashine iimbe maneno ambayo hayajawahi kuimbwa na mtu, na ili pasiwe na hila, Wamae mwenyewe ayatoe.

Wamae hakuharakisha. Alimwangalia mkewe.

"Iimbe hivi: mimi ni bibi ya Wamae, na siendi mahali mpaka nizikwe kwake."

Hapo Mukami aliondoa mikono kwenye vitufe. Akikataa kuandika, kesi imekwisha, naye atapanda gari la Mweiga jioni ile. Akiandika, sauti yake itasema mbele ya baba yake jambo ambalo kinywa chake kisingelisema hata kwa nyundo. Angeweza kulifanya vibaya, kwa noti moja kama kengele ya shule. Lakini wangesema si sauti yake, na kama si yake haithibitishi kitu. Kingori alimwambia kwa upole kwamba si lazima.

Akaandika. Alitafuta noti polepole, zikipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na kushuka kwenye neno la kuzikwa. Akapandikiza pumzi moja kabla ya jina la Wamae. Kisha akabonyeza.

Ile sauti ikatoka. Ilikuwa tamu na haikuogopa kitu. Ilisema kwamba ni mke wa Wamae, ikavuta hewa, ikasema haiendi popote. Mpishi wa hoteli alisimama mlangoni na kijiko mkononi. Mukami aliinua kichwa ili kila mtu aone midomo yake, na waya ulioonekana kati ya midomo.

"Wamae," Mutahi alisema, "hicho kinywa umekifunga wewe. Sasa ni nani ameimba?"

Wamae hakusikia. Uso wake ulikuwa umelegea, macho yamejaa maji, kama mtu aliyesamehewa.

"Irudieni," alisema. "Amekubali. Mmesikia amekubali."

Mukami alisimama. Alizungumza bila kufungua meno, maneno yakipita kwa shida kwenye waya na mate yenye damu yakimtoka pembeni mwa mdomo, lakini kila neno lilifika.

"Hiyo ndiyo imekubali. Mimi nimekataa."

Kigoda kilirushwa kabla Mutahi hajasema neno. Kilipita juu ya kichwa cha Mukami na kuingia kwenye kioo cha kompyuta, kikalipuka kwa kishindo cheupe. Wamae aliruka meza kama alivyokuwa akiruka siku zote, akamshika Mukami shingoni. Kingori, ambaye hakuwa amempiga mtu tangu utoto wake, alimpiga mkwewe kwa bakora kwenye mgongo ulioungua, mara nyingi, akilia. Wazee wa pande zote mbili wakamwangukia Wamae. Ilibidi wamkalie. Walimfunga kwa ule waya mrefu wa stima aliokuja nao Hezekiah, na hakuna aliyebishana kuhusu polisi. Mmoja wa wazee wake mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaita. Mutahi, damu ikimtoka puani, alitamka uamuzi akiwa bado amekaa sakafuni: Mukami anabaki kwao, na hatafuatwa.

Taya liliunga likiwa limepinda kidogo, na baridi ya Nyeri huliuma. Mukami alirudi dukani kahawa ilipokuwa ikichumwa. Hezekiah alikuwa amepata kioo kingine, na sanduku lenye sauti, lililokuwa chini ya meza siku ile, halikudhurika. Walipoliwasha walikuta ule mstari wa Wamae bado umehifadhiwa. Hezekiah alinyoosha mkono aufute.

"Ngoja," Mukami alisema.

Aliusikiliza mara moja, mpaka mwisho. Kisha akafuta maneno yote, na noti akaziacha, kwa sababu zilikuwa zake na zilikuwa nzuri. Mashine ikaupiga mstari mtupu kwa kinanda. Mukami akavuta kiti karibu na kuanza kuutafutia maneno.