Alama Bila Kuthibitisha

Ndugu msomaji, tumemzika kwao Ijumbi mtunza kanzidata wa chama kimoja cha kahawa. Nilizoea kunywa naye chai Bukoba mjini, na sikumbuki siku aliyokimaliza kikombe chake.

Msimu mmoja nilimkuta ghalani Nshamba akimfundisha karani mgeni. Mzigo wa mkulima uliingizwa kwenye kompyuta kama muamala mmoja: ama uingie wote, ama usiingie kabisa. Kila baada ya gunia aliweka alama ya kurejea, ili uzito wa gunia moja ukikosewa arudi kwenye alama iliyotangulia na magunia ya nyuma yabaki salama. Karani alifurahi, akaweka alama zake zote, kisha akaenda kunywa uji. Umeme ukakatika. Aliporudi, hakukuta kitu. "Lakini nimehifadhi, bosi!" alilalamika. "Hukuhifadhi," mwenzangu alimjibu kwa upole. "Umeweka alama tu. Alama inaishi ndani ya muamala; usipothibitisha mwishoni, vyote vinapotea pamoja." Mwenye mzigo, mama mmoja wa Izigo, alirudisha magunia mizanini akinung'unika kwa Kihaya ambacho sitakitafsiri.

Rafiki yangu huyohuyo, mwalimu wa alama, alikuwa na ugomvi na kaka yake juu ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba la urithi. Hatimaye waliamua kuupitia wenyewe, wakipanda mlamula, mti wetu wa mpaka, kila walipoelewana. Wakibishana, walirudi kwenye mlamula wa mwisho na kuanzia hapo, bila kung'oa iliyotangulia. Walifika hadi mwisho. Kilichobaki ni kuita wazee na kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pamoja, maana kwetu mpaka usionywewa haujakubalika. Nilipomuuliza watakunywa lini, alinijibu, "Krismasi, waitu." Krismasi zikapita.

Baada ya mazishi mjane alikaa akiitazama ile milamula. Bila rubisi, shemeji yake angeweza kuing'oa yote, na hakuna ambaye angemzuia. Shemeji huyo, kaka wa marehemu, akasimama. "Hatukunywa," alisema. "Nilikuwa namsubiri aniite. Nadhani naye alikuwa ananisubiri mimi." Akaagiza kibuyu, akanywa mbele ya wazee, akampa mjane. Nililia bila aibu.

Kibanja kimebaki kwa mjane na wanawe, na ninashukuru. Ila ngoja ngoja huumiza matumbo. Kama jambo lako na nduguyo limebaki kidogo tu, nenda ukalimalize. Kile kibuyu kilitufikia sote pale Ijumbi, hata mimi mgeni, isipokuwa yule aliyestahili kunywa na kaka yake.