Benchi la Mawifi

Kila siku ya muziki kwenye bustani ya jiji, jirani yetu wa ghorofa ya chini huwasili mafundi wakiwa bado wanafunga spika, akalihodhi benchi zima la mbele utadhani kalirithi kwa babaye: mtandio huku, mkoba kule, mwavuli katikati. Anayesogea hukaripiwa kwa sauti ya puani, “Pana watu hapa! Mawifi zangu wako njiani.”

Jana alimkatalia hata mjamzito. Muziki ulipokolea akageuka, akawaona mawifi zake nyuma kabisa, wamejibanza kwenye nyasi wakicheka. Akawapungia mikono yote miwili. Mmoja akainama kama aliyedondosha kitu. Mwenziwe akajitia hamnazo.

“Hawajaniona,” akamwambia mjamzito, aliyekuwa bado amesimama, kisha akautandaza mtandio vizuri zaidi.