Wamenijengea dirisha la mgahawa ambao kaka ameshauuza

Admin, nifichie jina, na la mgahawa pia usiliweke, maana wateja wangu wengine nawaona humu wakibishana kwenye komenti.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, nina watoto wawili. Nina mgahawa kando ya barabara kuu, katikati ya Same na Makanya. Ukipita kwangu na lori au gari dogo huna haja ya kushuka. Marehemu mama alitoboa dirisha kwenye ukuta wa barabarani, gari linasogea kando ya jukwaa la mawe, na mhudumu anasimama juu ya lile jukwaa ili alingane na dereva. Unapiga honi, unapewa makande yako na chai ya tangawizi, unaendelea na safari.

Mgahawa ule mama hakujenga peke yake, ulijengwa kwa msaragambo. Kwa msiojua, sisi Wapare mtu akiwa na kazi kubwa anatangaza siku, watu wanakuja na majembe na mawe, wanafanya kazi bure, na mwenye kazi anachotakiwa ni kupika tu. Mawe ya ule ukuta yaliteremshwa kutoka mlimani vichwani mwa watu. Mpaka leo ndizi, maharage na tangawizi nachukua kwao, na akina mama wakishuka siku ya soko wanaacha mizigo yao jikoni kwangu bila hata kubisha hodi. Pale ni kwao.

Kosa alilifanya mama mwenyewe, Mungu amrehemu. Kiwanja kilipopimwa akaandikisha jina la kaka yangu, eti ndiye mtoto wa kiume, mimi nitaolewa. Kaka anaishi Dar na hajawahi kuosha hata sufuria moja pale. Wala sikuwahi kuhofia, kwa sababu kwetu sijasikia mtu akiuza kitu kilichojengwa na msaragambo.

Mwezi huu lile jukwaa lilititia kwa mvua na ukuta wa dirisha ukapasuka. Kuna mzee fundi mwashi, ndiye aliyejenga la kwanza enzi za mama. Akaniambia, "Mwanangu, usihangaike na mafundi wa mjini. Tangaza msaragambo." Nikatangaza kanisani kwetu mlimani, ikapangwa Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nimeshabandika makande masufuria mawili, kaka akapiga simu. Akasema, "Mdogo wangu, kile kiwanja nimekiuza. Wanajenga sheli. Mwezi ujao wanabomoa."

Nikamwambia aache utani. Nikasikia analia. Kaka yangu hakulia hata tulipomzika mama. Kumbe figo zake zimekufa, miezi minane sasa anasafishwa damu, na sisi huku anatuambia ni presha tu. Shemeji yake, ndugu wa mkewe, amekubali kumpa figo moja, na pesa ya kiwanja ndiyo ya kumpeleka kwenye upasuaji. "Usimwambie mtu mpaka wanimalizie malipo," akasema. "Unawajua watu wa kwetu. Wakisikia watafungua kesi."

Mnatutania Wapare kwamba tunaweza kwenda mahakama ya rufani kwa ajili ya mbuzi. Chekeni tu, ila ni kweli, na hii si mbuzi. Wangeweka zuio kesho yake na kesi ingekwenda miaka. Kaka hana miaka.

Simu bado iko sikioni, nikawaona wanateremka. Wengine na mawe, wengine na ndoo za maji, mabinti wa kwaya wanaimba. Nilikuwa na nafasi ya kuwaambia rudini nyumbani. Nikageuka nikaenda kuchochea moto. Hilo ndilo linaloniua, kwamba sikudanganywa wala kulazimishwa na mtu, niliona kwa macho yangu na nikanyamaza.

Walifanya kazi hadi saa kumi. Yule mzee hakukubali mtu mwingine ashike mwiko. Alipomaliza akaomba kupanda kwenye lori la mteja mmoja, akakaa kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono. "Nipe chai nijaribu." Nikampa. Chai ikamwagika kwenye sahani, watu wakacheka wakidhani nimechoka. Akanywa, akasema, "Hili sasa litakuzika wewe, mwanangu." Alikuwa na furaha sana.

Juzi wakaja vijana wawili na futi kamba, wakaanza kupima kiwanja. Mzee alikuwepo anakunywa uji. Akaniuliza, "Hawa ni akina nani?" Nikamjibu ni watu wa barabara. Akainuka, akaenda kuwaonyesha dirisha, akiwaeleza kila jiwe limetoka kwa nani. Wale vijana wakamsikiliza kwa heshima, wakaendelea kupima.

Nilishindwa kuvumilia, nikampigia kaka nikamwambia nataka kusema ukweli. Nilitegemea agombe, hapo ningepata nguvu ya kusema. Akasema taratibu, "Sawa, waambie. Mimi sina nguvu ya kukuzuia." Akakata.

Nikisema, nitakuwa nimemuua kaka yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimewafanya watu walionilea wabebe mawe ya kujenga kitu ninachojua kinabomolewa, na siku tingatinga likija watajua kwamba nilijua. Sina pa kwenda zaidi ya pale mlimani, huko ndiko nitakakoishi nao na ndiko nitakakozikwa.

Jumapili hii baada ya ibada mchungaji anateremka na waumini kuliombea dirisha. Wameshanipa ratiba, na baada ya maombi nimepangiwa kutoa neno la shukrani. Mzee fundi atakaa mstari wa mbele.

Ndugu zangu, nishaurini. Wakinipa kipaza sauti, niseme nini?