Sarafu ya Tembo na Ng'ombe Nilizojiongezea

Ninyi mnaocheka kabla sijaanza, chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka ile siku ya Luberizi natamani kujizaba kofi: ndimi mwanaume pekee ninayemfahamu aliyejipandishia mahari kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, tena akitabasamu.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza simu hapa Rugenge, kwa hiyo nina lupe (kile kioo cha kukuzia tunachobana jichoni), na siku zile nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kutazama video za watu wanaokusanya sarafu za zamani. Nikajifunza habari za sarafu ambazo herufi zake zinaonekana mara mbili, nikajiona profesa. Mtu akiniletea sarafu ya bibi yake akidhani ametajirika, namsomesha kwa dharau mpaka anajuta. Herufi pacha za kweli, namwambia, zinatokana na chapa yenyewe, kile chuma kinachopiga sarafu: chapa ikitengenezwa ikiwa na herufi maradufu, kila sarafu inayotoka hapo inazibeba, zimenona, na kwenye ncha unaona mpasuko. Za uongo ni mashine tu imetikisika wakati wa kupiga, chuma kikasukumwa, herufi ikabaki nyembamba na pembeni yake kuna kingo bapa kama ngazi. Za kwanza watu wanazitafuta, za pili ni takataka. (Na wale waliokuwa wananiletea sarafu iliyochakaa tu kwa kukaa mifukoni, wakasema nayo ina pacha, hao sikuwajibu kabisa.)

Sasa, siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Noella, kule Luberizi, mnajua kwetu kijana anayeoa hana kazi yoyote. Anakaa, anatazama viatu vyake, msemaji wa familia anasema yote. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Kashindi, mtu wa maneno matamu, na garini alinionya kabisa.

"Weye, kule bukweni mudomo yako iko ya kukunywa tu. Minye njo nitasema."

Na kweli alisema, jamani, alisema mpaka ng'ombe walizotaka zikaanza kupungua, akatania, akasifu mpunga wao, akawakumbusha ndugu waliooleana zamani, hadi tukafika mahali ambapo mimi na kaka zangu tungeweza kulipa bila kuuza kitu. Ilibaki kupeana mikono tu.

Hapo ndipo baba yake Noella, kwa furaha, alipotoa mfukoni kitambaa, na ndani yake sarafu yenye picha ya tembo, ya wakati wa Wabelgiji, aliyoachiwa na baba yake mzazi.

"Angalieni, maandishi ya hapa iko mara mbili. Baba yangu alisemaka hakuna ingine kama hii."

Ikazunguka. Wajomba waliishika na kutikisa vichwa kama wanaoelewa kitu (hawakuelewa kitu). Ikanifikia. Mwenye akili angeitazama, angeinamisha kichwa kwa heshima, angeipitisha kwa jirani. Mimi nikatoa lupe. Nani anaenda ukweni na lupe katika koti la harusi? Mimi.

Niliona papo hapo: kingo bapa, herufi zimekonda. Mashine ilitikisika, basi, takataka. Lakini nikainua macho nikamwona mzee ananisubiri kama anasubiri matokeo ya mtihani, na Noella anachungulia mlangoni, nikataka wote wanipende, nikafungua mdomo.

"Baba, hii iko ya kweli kabisa! Ni chapa yenyewe. Huko Ulaya kuna muntu anaweza kutoa zizi muzima juu ya hii."

Kashindi akakohoa. Nikaendelea. Akanikanyaga mguu, nikadhani ananipongeza, nikaendelea zaidi, nikaeleza ncha, nikaeleza mpasuko (ambao haukuwepo), nikajisikia nawaka kwa elimu.

Kwenye kona kulikuwa na shangazi yake Noella, mama mnene aliyekuwa anasinzia tangu tufike. Usingizi ulimwisha.

"Mumesikia? Mukwe mwenyewe amesema! Nyumba yenye iko na kintu ya zizi muzima, njo itatoa binti juu ya hizi ng'ombe zenye kukonda?"

Wakapiga makofi upande wao wote, na mazungumzo yakarudi mwanzo, tena mwanzo mbaya kuliko ule wa kwanza. Kashindi alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa hata na mwalimu wa hesabu. Nikaomba tena sarafu.

"Samahani Baba, mwangaza haukuwa muzuri." Nikatazama, nikajifanya kushtuka. "Aa! Kumbe mashine ilitikisika tu. Haina bei."

Mzee akaichukua sarafu mkononi mwangu polepole.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo?"

"Hapana Baba, ni mashine..."

"Ao mwongo ni weye?"

Nikaanza kueleza tofauti, jamani, nilichora herufi kwa kidole mezani, hapa bapa, hapa nono, na shangazi akauliza kwa sauti ya juu, "Na weye, mashine ilikutikisa wapi?" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kashindi naye alicheka, msaliti yule, niliona mabega yake.

Mzee akainua mkono. "Minye sikusoma hii mambo ya lupe. Kama franga iko ya kweli, ng'ombe zinapanda na bibi unapata. Kama iko ya uongo, ulinidanganya ndani ya nyumba yangu, na mwongo simupatie mutoto yangu. Chagua."

Noella peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mlango, machozi yamejaa, na moyo wangu ukaniuma kweli, kwa sababu nilikuwa nimemfanya asubiri jibu la mjinga.

"Iko ya kweli, Baba."

Vigelegele. Nikauza pikipiki, nikauza kiwanja changu cha Kalundu, nikalipia kutikisika kwa mashine ya Wabelgiji hadi ng'ombe ya mwisho. Nikaapa sitatazama tena sarafu ya mtu hadi nife.

Mwezi uliopita baba-mkwe akanipigia simu: mdogo wake Noella, Aline, ana mchumba, nije na lupe yangu, nieleze wageni. Ungekataa weye? Nilienda. Nikabana lupe jichoni, nikaona kingo zilezile bapa, nikasema ya kweli kabisa. Yule kijana, maskini, alikaa kimya siku nzima kama alivyofundishwa, hakufungua mdomo hata mara moja, na bado ng'ombe zake zilipanda kwa mdomo wangu.

Hanisalimii mpaka leo, na ana haki. Nimeapa upya. Ila nyumba ile ina binti mwingine, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari.